Akiba ya Mshono

Jumapili, 1 Juni

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Mbele kuna viuno na mabega ya watu, nyuma kulikuwa kweupe. Basi nyuma nitakaa mimi. Mama Vifungo, mwenzangu wa karakana, asijue. Huyo ukimwambia jambo saa mbili, saa tatu jengo zima limelisikia.

Habari yenyewe: nimekubali kukimbia mbio za mlimani. Mimi! Miaka arobaini na sita, watoto watatu, na mara ya mwisho kukimbia nilikuwa namfukuza mbuzi aliyetoroka na sketi ya mteja mdomoni. Kilomita thelathini na mbili, njia za msituni, juu mpaka kwenye mnara wa simu, kisha kushuka kwa upande wa pili. Tarehe 24 Agosti.

Na aliyeniomba si mwingine ila Wifi. Dada wa mume wangu. Yule yule ambaye miaka kumi na miwili sasa tunasalimiana kama watu wa ofisi mbili: hujambo, sijambo, watoto hawajambo, haya kwaheri. Leo kaja baada ya chakula cha mchana, kavaa viatu vya kukimbilia, kakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Anasema mbio ni za watu wawili wawili. Mnaanza pamoja, mnamaliza pamoja, na mmoja akisimama wote mmetoka. Mwaka juzi mwenzake aliugua wiki ya mwisho. Mwaka jana mwenzake mwingine alikaa chini kwenye kilomita ya ishirini, akavua viatu, akakataa kuvivaa tena. Na Septemba hii Wifi anahamishwa kikazi, hospitali ya mbali. Mlima ule ameutazama kupitia dirisha la wodi miaka kumi na tisa. Anataka aumalize kabla hajaondoka.

Nikamwuliza, kwa nini mimi? Akasema siku moja alinikuta napanda ngazi ghorofa ya tatu, jora la kaki begani, na huku naimba. Hakuomba kwa maringo, na hilo ndilo lililonimaliza.

Mume wangu, fundi redio, muda wote alijifanya anachomelea waya. Nilipomwuliza yeye anaonaje, akasema hana upande. Lini amewahi kuwa na upande huyu?

Nimesema ndiyo.


Jumatatu, 2 Juni

Wifi kaleta ratiba. Wiki kumi na mbili, mwandiko wa nesi — wa kusomeka, si kama wa madaktari wake. Jumanne mbio fupi, Alhamisi vilima, Jumapili ndefu tukiwa wote. Siku zilizobaki ameandika KUPUMZIKA, na chini yake: kupumzika nako ni zoezi. Kapiga mstari mara mbili.

Mara mbili! Ananijua au ananidharau?


Jumapili, 8 Juni

Kilomita sita za kwanza. Kutoka tangi la maji mpaka pale njia inapogawanyika, na kurudi. Kilomita mbili za mwanzo nilitaka kufa. Ya tatu nilitaka kumwua Wifi. Ya nne, sijui kilichotokea, miguu ikakubali yenyewe. Misonobari pande zote, chini majani makavu laini, ndege mmoja analia kama mashine ya ovaloki isiyotiwa mafuta.

Wifi anakimbia kama anavyotembea wodini: hatua fupi, mgongo wima, maneno hakuna. Tuliposimama akatazama saa yake ya mkononi, akasema, si haba. Kwa Wifi hilo ni shairi.

Alipoondoka nikarudi juu kidogo. Robo saa hivi. Ratiba imesema sita, lakini nani anakata sita kamili? Fundi mwenye akili huacha akiba ya mshono. Nguo kubwa hupunguzwa. Iliyokatwa fupi hairefuki hata uilie. Akiba haiozi, na mimi nimefundishwa hivyo tangu nilipokaa mara ya kwanza mbele ya cherehani.


Jumanne, 10 Juni

Ratiba: 4. Nimekimbia: 5 na kitu.

Mapaja yananilaani kila ngazi. Mama Vifungo — ndiye mshona vifungo na matundu pale karakana — kaniuliza kama nimeanguka bafuni. Nikamwambia ni mazoezi ya mbio. Ilikuwa saa mbili na robo. Saa tatu fundi viatu wa chini kanipigia saluti.


Alhamisi, 19 Juni

Vilima leo. Ratiba: mara sita kupanda na kushuka. Nimefanya nane. Naanza kupenda, jamani! Saa kumi na moja na nusu alfajiri dunia yote ni yangu, hakuna anayesema mama naomba, mama iko wapi.

Mama Vifungo leo kauliza: huyo wifi yako si ndiye yule wa gauni? Nikamwambia ashone tundu lake.

Ndiye. Niandike tu, hapa hakuna anayesoma. Nilimshonea Wifi gauni la harusi. Nikaacha akiba, inchi mbili kila upande, kisha nikaongeza nyingine kwa kuwa maharusi hunenepa kwa furaha. Hakunenepa. Asubuhi ya harusi akasimama mbele ya kioo, akakamata kitambaa kilichobaki ubavuni, ngumi nzima, akaniuliza: "Wifi, humu ndani umenishonea mimi peke yangu?" Mashangazi wakacheka. Nami mbele yao wote nikajibu kwamba bora kubwa kuliko ndogo, maana mwili wake haujulikani kesho utakuwaje. Mdomo huu! Akafunga ndoa na pini kumi na nne mgongoni. Siku nzima hakuweza kuegemea kiti. Tangu hapo nguo zake ananunua dukani, zilizo tayari.

Sikuwahi kumwomba radhi. Gauni lilishonwa vizuri, mshono hata mmoja haujaachia mpaka leo! Lakini pini kumi na nne ni nyingi.


Jumapili, 22 Juni

Ratiba: 10. Mvua ilinyesha jana, njia yote utelezi. Kwenye daraja la magogo nikajifanya hodari, nikasema nifuate mimi wifi, na hatua ya pili nikakaa kwenye tope mpaka kiunoni. Nikageuka — Wifi kashika mti, anatetemeka. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka hawezi kusimama. Miaka yote sijawahi kumwona meno ya nyuma. Ana pengo upande wa kulia, sikulijua.

Alinivuta kwa mikono miwili. Tumerudi tunanuka kama mtaro, na njiani kanisimulia mgonjwa ambaye, mkewe wa pili alipokuja, alimwomba amfiche chini ya kitanda. Nimecheka mpaka kichomi. Siku nzuri sana hii.

Baadaye peke yangu: 2 za akiba. Fundi redio kanitazama ninavyokwangua tope ukumbini, kasema hana la kusema.


Jumapili, 6 Julai

Ratiba: 14. Tumefika ukingo wa juu kwa mara ya kwanza. Mji wote chini. Wifi kanionyesha paa la hospitali, la bluu, na dirisha lake. Anasema zamu za asubuhi, akishamaliza kugawa dawa, husimama pale dakika moja na kuutazama mlima. Basi leo katazama dirisha kutoka mlimani.

Akasema huko anakohamishiwa hamjui mtu hata mmoja. Kisha, bila kunitazama: akiumaliza huu mlima ataondoka kama mtu aliyeaga. Asipoumaliza ataondoka kama aliyefukuzwa. Mara tatu kujaribu, mara tatu kushindwa.

Nikamshika bega. Nikamwambia tutamaliza. Nikaapa kabisa.

Sasa akiba lazima iwe kubwa zaidi. Ni ya watu wawili.


Jumatano, 9 Julai

Ratiba: kupumzika. Nimekimbia: 5.

Kitu kidogo kwenye muundi wa kulia, mbele, chini kidogo ya katikati. Kama uzi uliofungwa kisha ukavutwa. Nimepaka dawa ya mafua maana ndiyo iliyokuwepo. Kitapita.


Jumapili, 13 Julai

Ratiba: 17. Uzi ule umevutwa kilomita mbili za kwanza, halafu mguu ulipopata moto ukaachia. Umeona? Hakuna kitu.

Jioni umerudi.


Jumatano, 16 Julai

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia ni wa kulia. Leo kila kola ilikuwa adhabu. Nikahamia mguu wa kushoto — hee! Mshono ukaenda kama nzi kwenye kioo. Nimefumua kola nne za sare za shule. Nne! Hata siku niliyojifunza sikufumua nne.

Mama Vifungo kanyanyua moja, kaitazama, kanitazama. Hakusema neno, na huyo akinyamaza ujue pana jambo. Nyumbani kitinda mimba wangu naye: mama, unachechemea. Nikamwambia kiatu kinabana. Akasema mbona huna kiatu, mama, uko pekupeku.


Jumapili, 20 Julai

Ratiba: 20.

Tumepita mahali pale. Pale alipokaa yule wa mwaka jana akavua viatu. Wifi kasimama hapo, kapakanyaga mara tatu kwa nguvu, kisha — siamini bado — kacheza. Wifi! Mikono juu, kiuno kinazunguka, katikati ya msitu. Akanishika mkono nicheze naye. Nimecheza kwa mguu mmoja, na yeye akadhani ni mtindo.

Njiani akaniambia kwamba mwisho wa kubadilisha majina ni Ijumaa ya tarehe mosi Agosti, saa kumi jioni, baada ya hapo hakuna. Mwalimu wa Hesabu, yule mwembamba anayepanda kilima kama anashuka, anamwuliza kila siku kama nafasi ipo. Wifi kamjibu: nina mwenzi wangu.

Nina mwenzi wangu. Nami nimekaa kimya! Mguu unapiga kama moyo wa pili, na mimi nimeitikia eti eeh, tuko pamoja wifi. Nikimwambia atanitoa, na haki yake kabisa. Nisipomwambia, nikaja kukaa chini kwenye kilomita ya ishirini na tano, itakuwa mara ya tatu, na safari hii imeletwa na mtu wa nyumbani. Naona aibu. Naona aibu na bado sijasema.

Nitamwambia Jumanne. Anakuja kupimwa fulana.


Jumanne, 22 Julai

Nimejificha stoo kati ya majora. Niandike upesi.

Wifi alikuja saa sita, ametoka zamu. Mama Vifungo kaenda kula. Wifi kaleta kitambaa cha bluu, chepesi, cha kutoa jasho, kinatosha fulana mbili. Kakiweka juu ya meza ya kukatia, kainua mikono pembeni. Nipime, akasema. Miaka kumi na miwili! Nilitaka kusema kitu kizuri, nikasema simama wima.

Kifua tisini na mbili. Kiuno themanini. Nilizitamka kwa sauti kama ninavyotamka kwa kila mteja, nikaandika mbele ya daftari. Wifi akainama kusoma.

"Hii themanini na sita ni ya nani?"

Nikatazama. Mkono ulikuwa umeandika themanini na sita. Na tisini na nane. Wallahi sikukusudia, mkono huu unaongeza wenyewe.

"Ni akiba," nikasema.

"Umenipima themanini. Nimekusikia."

"Ndiyo, lakini fulana ya mbio, mtu anajaa pumzi…"

Akachukua daftari. Nadhani alitaka kuona kama na wengine nawafanyia hivyo. Akafunua kurasa, viuno vya watu, mabega ya watu, akafunua zote mpaka akatokea huku nyuma. Sikuwahi! Nilikuwa na chaki mkono huu na futi mkono ule. Akasoma ukurasa mmoja. Mmoja tu, ameapa, na namwamini, maana ulikuwa huo huo wenye "Ratiba: kupumzika. Nimekimbia: 5." Na mistari miwili chini yake, muundi.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Mguu gani?"

"Kulia."

"Panda mezani."

Nikapanda. Meza yangu mwenyewe, nimelala juu ya kaki ya sare kama kipande cha kukatwa. Akaubonyeza mfupa kwa kidole gumba, taratibu, kutoka juu kushuka. Alipofika penyewe niliuma futi. Alama za meno ziko kwenye sentimita ya arobaini.

Akavuta kigoda, akakaa. Akaniuliza tangu lini naongeza. Nikasema tangu siku ya kwanza. Jumapili zote? Zote. Siku za kupumzika? Na hizo. Akapiga hesabu kwa vidole, akasema nimekimbia kilomita za wiki tatu zaidi ya ratiba ndani ya wiki saba. Mwili si kitambaa, wifi. Nguo ukiiongeza inakaa tu, inangoja. Mfupa haungoji.

Nikasema nilitaka tumalize. Nilitaka nisije nikapungua, nimwangushe.

"Mficha maradhi, wifi…" akaanza, kisha akaiacha hapo, maana sote tunajua inavyoishia. Akatazama dirishani. Halafu, polepole: kwamba hata lile gauni, hakuudhika kwa sababu ya upana. Aliudhika kwamba nilimpima, nikaijua namba yake, kisha nikaenda kushonea mwili mwingine.

Nikalia. Mtu mzima, juu ya meza, na chaki shavuni. Nikamwomba radhi ya mguu, na kwa kuwa mdomo ulishaanza ukaenda wenyewe mpaka kwenye gauni, pini kumi na nne, mashangazi, yote. Akasema ya gauni nimechelewa sana. Akasema ameipokea. Akasema pini ya tisa ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, akanionyesha ilipokuwa inachoma, tukacheka kidogo huku kila mtu anafuta pua.

Kisha akawa nesi tena. Siku kumi sikimbii, hata mvua ikinyesha natembea. Cherehani nikanyage kwa kushoto au nimwachie mwingine. Ijumaa ya tarehe mosi yeye yuko zamu, hawezi kutoka. Siku hiyo, saa nane kasoro, niruke kwa mguu wa kulia peke yake, mara ishirini, sakafu ngumu, pekupeku. Nihesabu. Ukiuma kabla ya kumi, hakuna mbio wala nini, ni picha ya mfupa. Nikifika ishirini bila kitu, mfupa umepona. Ukiuma katikati, nikumbuke ni mruko wa ngapi. Atanipigia simu saa nane. Yeye ndiye ataamua: twende hizo thelathini na mbili taratibu, au tuombe mbio fupi za siku hiyo hiyo, za kilomita kumi na nne, au amwite Mwalimu wa Hesabu.

Nikamwuliza, utajuaje kama nasema kweli, nawe hupo?

"Sitajua," akasema. "Utaniambia namba. Usiniongezee, usinipunguzie. Na hiyo nitakayoambiwa ndiyo nitakayoshonea."

Akashuka ngazi. Nikamsikia anaulizwa na Mama Vifungo mbona macho mekundu, akajibu vumbi la chaki.


Jumatano, 23 Julai

Sijakimbia.


Alhamisi, 24 Julai

Sijakimbia. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa macho, nimekaa kitandani kama abiria aliyeachwa. Fundi redio kaamka, kanikuta hivyo, akaenda jikoni, akarudi na chai. Tumekaa tukanywa gizani. Akasema: mimi safari hii nina upande. Nikamwuliza upi. Akasema wa mguu.

Nimempenda upya, mzee yule.


Jumapili, 27 Julai

Wifi kakimbia na Mwalimu wa Hesabu. Ni sawa. Nilimwambia mwenyewe asipoteze Jumapili. Nilikuwa natundika nguo walipopita barabara ya chini wakirudi, hatua zao sawia, tap tap tap tap, hakuna anayemngoja mwenzake. Mwalimu hata jasho hana! Wivu umenishika mpaka nikabana kidole kwenye kibanio cha nguo.

Lakini Wifi kanyanyua kichwa, kaniona, kapunga. Kisha akanyanyua vidole vitano. Siku tano. Nikamwonyesha mguu wangu umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, umetulia kama mgonjwa mwema.


Jumanne, 29 Julai

Nimekata fulana ya Wifi. Themanini. Nikachora mstari wa kukatia, mkono ukataka kutoka nje, nikaurudisha. Nikaacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono wenyewe na basi. Nilipoweka mkasi nilikuwa natoa jasho kama napanda kilima.

Mama Vifungo kashona kwa mashine yake, mimi nikiwa nimekaa pembeni namsimamia. Anasema nimekuwa mpole, anaogopa. Wifi kapita jioni, kaivaa juu ya sare yake ya kazi kwanza, nikamwambia ivue hiyo sare, ivae vizuri nyuma ya pazia. Akatoka. Akageuka mbele ya kioo, kushoto, kulia. Akajaribu kukamata kitambaa ubavuni. Hakikukamatika.

"Hii ni yangu," akasema.

Yangu nimeikata kwa kitambaa kilichobaki. Ziko zote mbili zimetundikwa ukutani, bluu, moja ndefu moja fupi.


Alhamisi, 31 Julai

Mguu kimya tangu juzi. Ngazi kimya, kitandani kimya, bafuni kimya. Sijaujaribu. Mara tatu leo nimesimama kwa mguu mmoja na mara tatu nikaushusha wa pili. Imeandikwa Ijumaa, itakuwa Ijumaa.

Ni furaha hii au ni hofu? Nimekula mara mbili.


Ijumaa, 1 Agosti

Saa saba na dakika hamsini na moja. Mama Vifungo nimemtuma nyuzi za rangi mbili ambazo najua duka la chini hawana, atalazimika kuvuka barabara. Karakana tupu. Nimesogeza meza. Nimevua viatu.

Nimeruka. Nimehesabu kwa sauti, kama ninavyotamka vipimo. Moja mpaka tano, hakuna kitu. Kumi, hakuna! Nilianza kutabasamu. Kumi na mbili, kumi na nne, fulana zinatikisika ukutani, nikasema Mungu wangu tunakwenda, tunakwenda. Kumi na tano. Kumi na sita.

Kumi na saba, uzi ukavutwa.

Kidogo. Kidogo sana, si kama zamani, mtu mwingine asingeusikia. Nikasimama. Sikuenda kumi na nane.

Ni mara tatu tu zilizobaki. Tatu! Kwenye nguo hiyo si hata akiba, ni chaki tu. Mguu wenyewe sasa hivi umetulia, hauumi hata kidogo, na mbio bado wiki tatu. Hakuna aliyeona. Nikisema ishirini, jina langu linabaki pale pale lilipo, na Wifi atashuka ngazi za hospitali anacheza. Na huenda tukamaliza! Huenda kweli tukamaliza, na asijue maisha yake yote.

Nikisema kumi na saba, anaweza kusema pole wifi, na Mwalimu wa Hesabu akavaa viatu. Ile fulana fupi haimtoshi, itabidi nishone nyingine. Nitashona. Nitampima kamili.

Nataka kwenda naye. Niiseme hapa wazi: nataka sana, nataka kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huu. Si mlima tu. Nataka kuwa naye.

Saa saba na hamsini na nane. Nimekaa kwenye kigoda alichokalia yeye. Naiandika hapa kwanza ili mdomo uizoee. Kumi na saba. Kumi na saba, wifi. Si kumi na nane.

Mama Vifungo huyo kwenye ngazi, kashapanda ghorofa mbili, namsikia anahema. Amezipata nyuzi, sijui wapi.

Simu hiyo. Jina lake.

Kumi na saba.